U hali gani?

Theluji ya Januari 2010 ilinikuta East Grinstead, kusini mwa Uingereza, nikiwa na wiki tatu tu kwenye kazi ya kuhudumia wazee. Siku hiyo nilichelewa dakika 12. Mzee wa chumba cha mwisho alikuwa ameketi kitandani, ananisubiri. Miaka ya 1960 aliwahi kusoma Scientology, imani iliyoanzishwa na Mmarekani L. Ron Hubbard, pale Saint Hill, jumba ambalo Hubbard alilinunua mwaka 1959. (Ndiko huko huko Hubbard alikopima nyanya kwa mashine yake ya umeme, E-meter, apate kujua kama zinaumia.)

"Uko katika hali gani?" akaniuliza.

Kwetu Tanga swali hilo lina jibu moja. Hata anayetetemeka kwa malaria husema njema kwanza, ndipo aeleze. Nikasema njema.

"Haimo," akasema, akanyoosha kidole kwenye rafu. Nikamshushia kitabu cha maadili cha Scientology. Hali zimepangwa kama ngazi: juu Nguvu, halafu Ustawi, Kawaida, Dharura, Hatari, Kutokuwapo. Chini zaidi kuna Dhima, Shaka, Adui, Usaliti, na mwisho kabisa Mkanganyiko. Kila hali ina hatua zake za kujitoa. Mimi, mgeni kazini, nilikuwa Kutokuwapo: tafuta njia ya kuwasiliana, jitambulishe, jua kinachohitajika, kitende. Nikiri, tangu nishuke ndege hakuna aliyekuwa amenipa ushauri bora kuliko huo.

Kisha akaitazama karatasi yangu ya maji, ile tunayojaza kila mzee anapokunywa. Alikuwa amechora mstari wake mwenyewe pembeni. Siku nne, kiwango kile kile.

"Dharura," akasema.

"Mbona haujashuka?"

"Wala haujapanda. Uliolala ni Dharura."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikaendelea kufunua kurasa hadi Dhima. Aliyefika huko aamue rafiki zake ni nani, awapige maadui wa kundi pigo la maana hata kama ni hatari kwake, afidie hasara, kisha aombe ruhusa ya wenzake ili arudi kundini.

"Na adui akiwa ndugu yako wa tumbo moja?"

Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Nje wenye maduka walikuwa wakikwangua barafu kwa sepeto, na kwa muda ilisikika kazi yao tu. Nilijua, kama mji mzima ulivyojua, kuwa waumini wana neno lao la kukata uhusiano na mtu aliyetajwa kuwa mpingaji, hata akiwa wa damu. Sikurudia swali.

Akanywa nusu. Nusu nyingine akaimimina kwenye chungu cha ua dirishani, bila haraka, akanirudishia kikombe kitupu.

"Andika 200."

Kikombe kilikuwa cha mililita 200 kweli. Nikaandika. Akachukua kalamu yake, mstari ukapanda.