Trauti chini ya barafu: kumbukumbu ya vipimo vyangu

Tarehe 14 Desemba. Barafu ya ziwa letu dogo hapa kaskazini mwa Minnesota, Marekani, imefikia unene wa sentimita 18, nami nimeanza kazi niliyoiahirisha tangu mwaka jana: kutoboa shimo kila mwezi na kupima joto na oksijeni ya maji toka juu hadi chini, ili nielewe samaki aina ya trauti waliopandikizwa humu huvukaje majira ya baridi. Nilikulia Nyeri, ambako trauti walioletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 huishi katika mito ya baridi isiyoganda, kwa hiyo nilidhani adui wao mkubwa huku ni baridi. Kipimajoto nilichokishusha kwa kamba yenye fundo kila mita kimeonyesha vingine: nyuzijoto 0.5 chini kidogo ya barafu, na 4 kwenye tope, mita 6 chini. Maji huwa mazito zaidi yakikaribia nyuzijoto 4. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi, hubaki juu na kuganda, na barafu ikishatanda huyakinga ya chini. Trauti naye, ambaye joto la mwili wake hufuata la maji, hula kidogo na kutumia oksijeni kidogo.

Tarehe 18 Januari. Vipimo vya leo nimevifuta vyote. Nilikuwa nikiteka maji ya ziwa kwa chupa na kuyamimina ndooni kabla ya kupima, yakachanganyika na hewa, na oksijeni ikaonekana sawa juu na chini. Saa mbili za kupiga magoti kwenye theluji zimekwenda bure. Kuanzia sasa kifaa cha kupimia oksijeni kitashushwa chenyewe majini.

Tarehe 22 Februari. Theluji juu ya barafu imefika sentimita 30, na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Chini kabisa nimepata miligramu 1.5 tu za oksijeni kwa lita, ilhali chini ya barafu zipo 8. Barafu imeziba hewa ya nje, theluji imeziba mwanga, miani haitengenezi oksijeni ya kutosha, na bakteria wa kwenye tope wanaendelea kuozesha majani ya msimu uliopita huku wakiimaliza ile akiba iliyoingia kabla ziwa halijafunikwa. Kwa hiyo trauti hukimbia maji ya chini yenye joto kidogo na kukaa juu, kwenye baridi zaidi lakini penye pumzi. Nililala kifudifudi, nikajifunika kichwa kwa koti na kuchungulia shimoni; baada ya dakika ishirini hivi alipita mmoja, kina cha mkono wangu tu, mashavu yakifunguka na kufumba polepole, akadokoa kitu kidogo nisichokitambua, akaondoka bila haraka.

Machi nitapima tena, mradi barafu isiwe chini ya sentimita 10. Ikipungua hapo, vifaa vitabaki nyumbani.