Maua ya jakaranda yameniziba mifereji

Wenzangu wenye Mazda MX-5, kile kigari cha paa la turubai linalokunjwa, mkiegesha chini ya jakaranda, kagueni mifereji inayoondoa maji ya mvua ya paa. Baada ya mvua ya juzi hapa Nairobi niliinua zulia nyuma ya kiti nikalikuta limelowa chepechepe. Nikashuku turubai la paa limechanika. Kumbe matundu mawili ya mifereji hiyo, nyuma ya viti, pale karibu na mikanda, yamejaa maua yaliyooza na tope! Nimeyazibua polepole kwa uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi. Waya mgumu msitumie, utatoboa bomba la mpira la mfereji. Kisha nikamimina maji kidogo kidogo kwa kikombe hadi yakatoka chini ya gari, mbele ya magurudumu ya nyuma. Nilifurahi mno. Zulia bado liko juani.