Namna nilivyochagua cha kupima kwenye makato ya kutuma pesa

Moduli ya makato, yaani sehemu ya programu inayokokotoa ada ya kutuma pesa, inapokea kiasi chochote kuanzia shilingi 1 hadi 1,000,000. Kuokota namba kwa kubahatisha, tuseme 500, 3,000 na 50,000, hakusaidii: zote zimekaa katikati ya daraja (kundi la viasi vyenye makato ya aina moja), mahali ambapo hesabu hukosewa mara chache.

Niliandika kwanza madaraja: 1–999, 1,000–4,999, 5,000–19,999 na 20,000–1,000,000. Kila mpaka nikauchukulia namba mbili, ya mwisho upande huu na ya kwanza upande wa pili: 0 na 1, 999 na 1,000, 4,999 na 5,000, 19,999 na 20,000, 1,000,000 na 1,000,001. Basi, namba 10. Kosa linalonaswa hapo ni lilelile la siku zote: "<" imewekwa palipotakiwa "<=", na aliyetuma 999 anakatwa kama aliyetuma 1,000.

Kuna mpaka mwingine ambao jedwali la makato haliuonyeshi, nao ni salio. Mwenye 5,000 akituma 5,000, makato yatoke wapi? Nikaongeza salio tatu: sawa na kiasi chenyewe, kiasi na makato pungufu ya shilingi 1, na kiasi na makato kamili.

Data mbovu niliiingiza moja moja. Ukiweka kiasi 0 pamoja na namba ya simu pungufu, mfumo unakataa kwa kosa la kwanza, na la pili halijapimwa hata kidogo.

Ikabaki michanganyiko: njia ya kutuma, anakopokea mtu, aina ya akaunti na lugha ya ujumbe, kila kimoja kikiwa na chaguo 3. Hiyo ni michanganyiko 81. Nikitaka kila jozi ya chaguo ikutane walau mara moja, safu 9 zinatosha (kila safu ni jaribio moja), na PICT, programu ya bure ya Microsoft, inazipanga yenyewe. Jozi isiyowezekana, mfano akaunti ya wakala kutuma benki, iandike kama sharti ndani ya faili unayoipa PICT kisha upange upya. Usifute safu kwa mkono! Safu moja hapo imebeba jozi 6. Ukiifuta kwa sababu ya jozi moja, nyingine 5 zinapotea kimyakimya.

Kwa miamala ya kurudisha pesa sikuridhika na jozi. Nilitumia chaguo la PICT /o:3 ili chaguo zikutane tatu tatu, na hapo safu haziwezi kupungua 27.