Mara ya Tatu Kigongo

Mke wangu ni mzaliwa wa Sengerema. Kutoka Mwanza kwenda kwao, enzi hizo daraja halijajengwa, ulikuwa unashuka Kigongo, unapanda kivuko, unatokea Busisi. Mimi nilikwenda kuposa kwa kuzunguka Shinyanga, Kahama na Geita, siku nzima ya vumbi, washenga wangu wakininong'ona kwamba nina wazimu. Harusi ikapita, nikaendelea kuzunguka. Naye akazunguka nami bila kuuliza.

Nilimwambia sababu usiku mmoja, umeme umekatika. Asubuhi ya Mei 21, 1996 nilikuwa bandarini Mwanza na baiskeli, nimetumwa kumpokea kaka yangu. Alikuwa amepanda MV Bukoba jioni iliyotangulia. Kwenye keria nilikuwa nimeshaufunga mpira wa kubania mzigo wake. Meli ilipinduka ikiwa imebakiza kidogo tu kufika. Kaka hatukumpata. Waliozikwa Igoma bila kutambuliwa ni wengi, na hadi leo sijui kama yumo.

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Alikuwa anakuletea nini?"

Miaka minane, watu walikuwa wameniuliza tu kama alipatikana. Wengine wakanipa ile ya muda huponya, wakati kwangu muda haukuwa umefanya kazi yoyote.

"Ndizi," nikasema. "Mkungu mzima. Na kahawa ya kutafuna." Nikalia kama mtoto, yeye akinifuta kwa ncha ya khanga yake.

Jumamosi moja akanipeleka Kigongo. Tulikaa karibu na wauza samaki, tukatazama vivuko vikienda na kurudi, tukala mahindi ya kuchoma, tukarudi nyumbani. Mara ya pili nilifika hadi kwenye foleni ya tiketi, shati limelowa jasho mgongoni. Akanunua machungwa, akasema, "Twende zetu, jua kali." Hakuna aliyeambiwa, hata kwao.

Mara ya tatu ilikuwa Desemba 2004. Alfajiri alirudi kutoka soko la Kirumba na mkungu wa ndizi za Bukoba, akauweka miguuni pangu. "Wa mama. Utaubeba wewe, mimi siuwezi."

Nilipanda nao kivukoni, uko begani. Chuma cha kupandia kikalia chini ya lori la saruji, na magoti yakanilegea. Alinisogeza hadi katikati, mbali na ukingo, akaanza kunisimulia mbuzi wa jirani yao aliyetafuna noti ya elfu kumi, jinsi mwenyewe alivyomfuata siku mbili na kijiti mkononi. Alikisimulia kisa kile mara mbili. Sikuyatazama maji hata kidogo. Nilitazama mdomo wake mpaka Busisi.

Mama mkwe alitukuta uani ninatua mkungu. Akatazama jua, akatutazama sisi.

"Mkwe, leo mmefika mapema hivi? Mbona hata maji ya kuoga sijayabandika!"