Udongo wa Uani

Fundi betri wa Chang'ombe alikuwa na kibanda chake pale miaka mingi. Betri za gari zilizokufa alizipasua, asidi akaimwaga chini, risasi, ile metali nzito yenye sumu iliyomo ndani yake, akaiyeyusha kwa mkaa na kuiuza. Nyuma ya uzio wa mabati, mama mwenye nyumba alikuwa na matuta ya mchicha, na mjukuu wake alicheza hapohapo kwenye vumbi.

Ilikuwa 2013, nafanya mradi wa mwisho wa chuo hapa Dodoma. Nilichota udongo wa juu tu, maana risasi kwa kawaida hainyweshwi chini na mvua. Hung'ang'ania tabaka la juu hata miaka mingi.

"Udongo wangu una nini, mwanangu?"

"Ndicho ninachotafuta, mama."

Maabara niliukausha, nikauchekecha kwa chekeche ya milimita 2, nikausaga, kisha nikauchemsha kwa asidi ya naitriki ndani ya kabati la kuvutia hewa. Moshi wa kahawia ulipanda, ukafifia, ukaisha, chini ikabaki mchanga mweupe na maji ya manjano. Nikayachuja.

Mashine yenyewe ya kupimia risasi naipenda mpaka leo. Taa yake imetengenezwa kwa risasi, hivyo hutoa mwanga ambao atomi za risasi huufyonza, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 283.3. Mwanga unapita katikati ya moto wa hewa na asetilini, sampuli inapuliziwa humo, na kadiri risasi ilivyo nyingi ndivyo mwanga unaofika upande wa pili unavyopungua. Alan Walsh aliieleza njia hiyo mwaka 1955 akiwa Australia. Ni fikra safi kabisa.

Udongo wa kulinganishia, wa shambani mbali na barabara, haukutikisa namba. Wa uani ulipovutwa na mrija, usomaji uliruka juu ya myeyusho sanifu wangu mkali kuliko yote, yaani ule wa kipimo nilichokijua wenye risasi nyingi zaidi. Nikauzimua mara kumi, nikasoma tena, nikapiga hesabu. Ulizidi mbali miligramu 400 kwa kilo, kikomo cha Marekani wakati ule kwa viwanja wanapochezea watoto.

Nilirudi kumweleza.

"Mchicha tukiuosha na kuupika vizuri je?"

Nikamwambia moto hauiui risasi, na maji huondoa vumbi la juu ya majani tu. Ila hofu yangu kubwa ilikuwa vidole vya mtoto, vinavyotoka chini na kwenda mdomoni. Akapimwe damu hospitali.

Aling'oa mchicha wote mbele yangu, hata uliofikia kuuzwa. Kisha akajifunga khanga kiunoni.

"Haya, niitie huyo fundi. Aje aniambie betri zake anazihamishia wapi."