Kiwambo Kinapobebwa Kama Abiria

Kwa miaka kadhaa nimewauguza watu wanaopumua kwa mashine, na kila ninapoweka kiganja chini ya mbavu za mgonjwa wa aina hiyo nahisi tumbo likiinuka na kushuka ilhali kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinabebwa tu kama abiria. Zamani nilidhani huko ni kupumzika. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya viwambo vya watu waliokufa ubongo, ambao walikuwa wamekaa kwenye mashine kwa saa 18 hadi 69, na nyuzi za msuli zilikuwa zimenywea kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliopumuliwa kwa saa mbili tatu. Hata siku tatu hazijatimia! Si ajabu kwamba kumwachisha mgonjwa mashine huwa kugumu kuliko kumwachisha mtoto ziwa.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Kiwambo huamriwa na neva ya freniki, inayochipuka shingoni kwenye uti wa mgongo. Ikipitishiwa mkondo mdogo, msuli hujikaza na kushuka, na hewa huvutwa ndani badala ya kusukumwa. Christopher Reeve, mwigizaji aliyevunjika shingo mwaka 1995 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, alipandikiziwa elektrodi, yaani vijiwaya vya kupitishia umeme, kwenye kiwambo mwaka 2003, na hewa ilipoanza kupita tena puani akaweza kunusa.

Hata hivyo, neva hiyo lazima iwe hai. Chembe zake zikiwa zimekufa pale shingoni, umeme hauna wa kumwamsha, na hata zikiwa nzima, msuli ulionywea hufundishwa kwa dakika chache kwanza, kisha muda huongezwa taratibu. Kwa wagonjwa wa ALS, maradhi ambayo neva zinazoamrisha misuli hufa polepole, matumaini yaligeuka: jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba waliopandikiziwa kifaa cha kuamsha kiwambo kwa umeme walikufa mapema kuliko wenzao, na tangu hapo huwa namuuliza maswali mengi kila anayekisifia.

Ninachokiona kimepuuzwa ni misuli ya tumbo. Vibandiko vya umeme hubandikwa juu ya ngozi bila kisu, na umeme huachiliwa wakati mgonjwa anapotoa pumzi, ili tumbo lijikaze na kumpa nguvu ya kukohoa makohozi ambayo vinginevyo tungeyafyonza kwa mrija.