Hassan Omar na 2027

Mwaka 2022 sisi wa Mombasa tulipanga foleni mara mbili. Kura ya gavana iliahirishwa kutoka 9 Agosti hadi 29, kwa sababu ya hitilafu ya karatasi za kura. Mara ya pili kituo chetu hapa Majengo kilikuwa kitupu. Mamangu, aliyetoka alfajiri mara ya kwanza, alikataa katakata: "Mwanangu, miguu haitaki tena."

Abdulswamad Nassir wa chama cha ODM akapata kura 119,083, Hassan Omar wa UDA, chama cha Rais Ruto, 98,105. Tofauti haikufika 21,000. Mimi nilimpigia Hassan, na iliniuma. Ningali naamini wengi wetu tulibaki majumbani siku ile.

Atarudi kugombea ugavana 2027? Jina lake halijalala: useneta 2013, kushindwa ugavana 2017 na tena 2022, kisha katibu mkuu wa UDA 2024. Lakini ukatibu mkuu ni kazi ya Nairobi. Kura za ugavana ziko huku, Kongowea, Likoni, Changamwe, kwa vijana wanaolilia kazi za bandarini. Tena ODM na chama chake sasa wamo serikalini pamoja. Nani atamwachia nani kiti?

Namtaka aje barazani petu mapema, kabla ya mabango. Mamangu ana maswali yake.